Ikikosa, Iseme Haipo

Ndani ya basi nilikaa nyuma ya binti mwenye kompyuta mapajani. Alikuwa akimweleza mzee wa pembeni, asiyemjua, kazi iliyomkosesha raha: anaandika maelezo ya chombo cha kutafutia albamu za muziki, na anayeyasoma ni akili bandia, si mtu.

"Jana iliulizwa albamu isiyokuwepo, ikaitunga, mzee wangu. Nyimbo kumi ikazipa na majina. Mkubwa wangu anataka maelezo mapya leo, la sivyo kazi anampa mwingine."

Kumbe mzee alitunza santuri redioni miaka ishirini na sita. "Uliiambia ifanye nini ikikosa?"

Binti akayapitia maelezo yake kwenye kompyuta. Mimi nilishajibu moyoni kwamba hakuiambia kitu, maana nimetuma wajukuu dukani vya kutosha: wakikosa, wanaleta chochote.

"Hata sisi," mzee akasema, "tukikosa santuri tulimpa mtangazaji inayofanana nayo, akaaibika hewani. Mwisho tukabandika karatasi mlangoni: ukiikosa, sema haipo. Hakuna aliyefukuzwa kwa kusema haipo."

Binti akaandika hivyo, akajaribu. Kompyuta ikajibu kwamba albamu hiyo haipo. Akashusha pumzi mpaka mabega yakalegea. "Umeniokoa, babu."

"Bado. Iongezee na pole."

"Mashine haina pole, babu. Watu watadhani inawahurumia."

"Nami sikuwa nayo kila siku, lakini niliisema."

Basi likasimama. Binti akashuka, akazunguka hadi dirishani kwa mzee, akaendelea kumbishia huku anacheka.