Mama Glasi Hunywa wa Mwisho

Ijumaa iliyopita, tarehe thelathini, meneja wa mtambo wetu wa kusafisha maji alistaafu baada ya miaka thelathini na nne ya kazi. Jina lake kamili limo kwenye faili la utumishi, na huko ndiko linakoishi. Mtamboni anaitwa Mama Glasi. Hata mkurugenzi humwita hivyo, ila hutanguliza kikohozi kidogo.

Watu wa mjini hawaujui mtambo. Wanafungua bomba, maji yanatoka, habari imekwisha. Hawajui kwamba alfajiri ukungu hulala juu ya mabwawa ya kutuamishia matope, na ukipita kwenye njia ya zege katikati yake huoni miguu yako. Mama Glasi alipita hapo kila siku akiwa na koti jeupe. Waliokuwa zamu wanasema alionekana kama mtu anayetembea juu ya maji, hadi alipojikwaa na kulitukana bomba.

Aliingia kazini akiwa fundi msaidizi wa pampu. Akahamia kwenye machujio, akawa mkuu wa zamu, kisha meneja. Chujio kubwa la pili lilijengwa akilisimamia, na siku ya kulifungua alikataa kukata utepe hadi mafundi waliochimba msingi walipoletwa mbele. Mafundi wake wanne leo ni wakuu wa mitambo mingine. Wote wanne wameambukizwa tabia yake ya kunusa kila wanachopewa. Harusini kwa fundi wa valvu, Mama Glasi aliinua glasi ya sharubati, akainusa, akatulia. Meza nzima ikaweka glasi chini. Sharubati haikuwa na neno. Bibi harusi, wanasema, hajasahau.

Jina lake lilitoka katika chumba cha kuonjea maji. Ni chumba kidogo chenye dirisha moja linalotazama bwawa la mwisho. Jua likichomoza, mwanga hudunda juu ya maji na kupanda darini, ukachezacheza, hata ukiinua macho unadhani dari ndilo linalotiririka na wewe ndiye uliye chini. Humo watu huongea kwa sauti ya chini bila kuambiwa. Maabara husema kama maji ni salama. Lakini zipo harufu ambazo mashine hazina habari nazo, na hizo huachiwa pua na ulimi wa binadamu.

Desturi ya zamani ilikuwa bosi anywe glasi ya kwanza. Akisema "Safi", wengine wanakunywa kwa adabu tu, na valvu kubwa ya kwenda mjini inafunguliwa. Ulimi wa Mama Glasi haukuwa umekosea hata mara moja. Ndiyo maana hakuna aliyekuwa akiuangalia.

Miaka kumi na moja iliyopita, katika kiangazi kikali, bwawa la juu lilipungua na mwani ukastawi. Asubuhi moja Mama Glasi alikuja na mafua, macho mekundu, kichwa kizito kama gunia la chumvi. Akanywa. Akasema, "Safi." Mkemia wa zamu, mwanamke aliyekuwa na miezi michache tu kazini, alikunywa wa pili na akasikia harufu ya matope. Akamtazama bosi wake. Akameza maji na maneno pamoja.

Kabla ya saa nne mji mzima ulikuwa unanuka bwawa. Maji hayakuwa na madhara, lakini nani angeamini? Mwoka mikate alitupa unga wote aliokanda. Hospitali ilifunga mabomba kwa tahadhari. Mama mkwe wa fundi wa valvu alipiga simu kuuliza, "Baba, mmetupikia supu ya vyura leo?"

Mchana mkurugenzi aliitisha kikao. Mkemia alisema ukweli bila kuulizwa mara mbili: alisikia harufu, akanyamaza. Mkurugenzi akashika hapo hapo. Mkemia alijua, akanyamaza, basi kosa ni lake na aondoke. Kikao kingeishia hapo, na wengi walitamani kiishie hapo, kwa sababu wiki hiyo Mama Glasi alikuwa akitarajiwa kupandishwa cheo kwenda makao makuu, kwenye ofisi ya ghorofani yenye zulia.

Mama Glasi alipenga kamasi kwanza. Kisha akasema, "Huyu alinyamaza kwa sababu mimi nilikuwa nimeshasema. Na niliyesema sikuwa na pua. Andikeni hivyo."

Mkurugenzi akamwomba afikirie. "Nimefikiria tangu saa nne, mzee wangu. Kama ni kuondoka, anza na mimi."

Jioni alikwenda redioni na sauti yake ya mafua. Hakutaja mwani, hakutaja kiangazi, hakutaja mkemia. Alisema yeye ndiye aliyeyaruhusu maji yale na aliwaomba radhi walioyanywa. Msikilizaji mmoja akauliza, "Sasa mama, na chai yangu je?" Akajibiwa, "Mwaga, baba. Kesho chemsha nyingine. Ikinuka, niletee ofisini." Kesho yake mzee huyo alifika na birika mkononi. Wakanywa wote wawili, na chai ilikuwa nzuri, ila sukari ilizidi.

Mkemia alibaki kazini. Ofisi yenye zulia ilipewa mtu mwingine, na haikutajwa tena. Mume wa Mama Glasi, ambaye alishaanza kuulizia nyumba za kupanga huko makao makuu, alisema tu, "Basi mke wangu, tukae na vyura wetu."

Mama Glasi aliporudi chumba cha kuonjea, aliigeuza desturi juu chini. Tangu siku ile anayeanza kunywa ni mgeni kuliko wote kazini, na bosi hunywa wa mwisho. Yeyote akisema "Bado", valvu haifunguliwi. Haulizwi cheo wala sababu. Maji huangaliwa kwanza. Wenye vyeo walinung'unika kwamba sasa kila mtu ni meneja. Alijibu kwamba meneja ni mmoja, na ndiye atakayekwenda redioni.

Ijumaa iliyopita, kwa mara ya mwisho, alisimama chini ya dari lile linalotiririka. Nje viti vilikuwa vimepangwa na wageni wameketi. Mkurugenzi alikuwa mlangoni na hotuba yake. Aliyeanza kunywa ni dereva mpya, mwanamume wa makamo aliyeajiriwa mwezi huo huo. Akanywa, akatazama chini, akasema, "Bado."

Mtu akacheka. Fundi wa valvu akamuuliza kama amekula vitunguu. Wengine wakanywa mmoja mmoja, hawakusikia kitu. Mama Glasi akanywa wa mwisho. "Mimi naona safi," akasema. "Lakini amesema bado." Kisha akamgeukia mkemia yule yule, ambaye kuanzia Jumatatu ndiye meneja wetu, akaweka glasi chini.

Mkurugenzi aliangalia saa yake. Wageni walikuwa wanajipepea. Mkemia akasema, "Valvu ibaki ilivyo. Tuanze upya."

Wakachota tena, wakapima tena, na sherehe ikasubiri juani. Maji hayakuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa glasi ya dereva: mhudumu wa jikoni, kwa heshima ya siku ile, alikuwa ameiosha kwa sabuni ya manukato na kusahau kuisuuza vizuri. Dereva alitamani ardhi ipasuke. Mama Glasi alimfuata alipokuwa amejibanza, akampa mkono na kumwambia, "Kesho ukisikia harufu, sema tena." Ndipo valvu ikafunguliwa, na maji yakaenda mjini, kwa watu wasiojua lolote.

Asante, Mama Glasi, kwa ulimi wako, na kwa siku ile ulipokubali kwamba hautoshi. Nenda kwa mumeo na kwa wajukuu, ulale hadi ukungu uondoke. Tunakuombea asubuhi ndefu zisizo na haraka, na glasi ya maji ambayo wengine wameshakuonjea.