Mstari wa Kona ya Washonaji

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mtunza ukumbi wetu, tunayemwita Mzee Chaki, anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Nimeombwa niandike kwa uchangamfu. Nitajaribu.

Alipoajiriwa, kituo chetu cha sanaa kilikuwa ghala moja kuukuu. Wapiga ngoma, wachoraji, waigizaji na washona mavazi tuligombania chumba hicho hicho, saa hiyo hiyo. Mzee akanunua chaki. Kila asubuhi, akishafagia, alipiga mistari sakafuni: ngoma huku, rangi kule, waigizaji katikati kwa sababu, alisema, hao hata ukiwapa uwanja wa mpira watalalamika. Aliyevuka mstari wa mwenzake alishika ufagio. Mimi, mwalimu wa ngoma, niliushika kuliko wote, maana sikukoma kuvamia kona ya washonaji kutafuta vitambaa.

Mistari ile ndiyo iliyotulea. Wachoraji walijua mapigo yetu kwa moyo, na waigizaji walichorewa mandhari kabla hawajaomba. Leo tuna ghorofa mbili, maktaba, chumba cha kurekodi, na kila fani ina mlango wake. Tumekua, nashukuru. Ila wiki nzima inapita sijamsalimu mchoraji hata mmoja.

Ukumbi wa zamani bado upo, na kona ile ya washonaji ilikuwa ya mkewe Mzee, fundi wa mavazi. Mama yule hakukubali kuchorewa. Alijichorea mwenyewe, akipiga magoti, na goti lake bovu liliufanya mstari upinde katikati. Alipofariki miaka miwili iliyopita, Mzee hakuugusa mstari wake wa mwisho. Alifagia akiuzunguka, akapiga deki akiuzunguka. Sisi tukadhani ni uzee.

Mwezi uliopita tulitarajia wageni. Nikawahi kazini kumsaidia, nikapiga deki ukumbi mzima ukang'aa. Mzee alipoingia alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kona, akasimama pale kofia mkononi. Ndipo nilipoelewa. Maji yakimwagika hayazoleki, na yangu yalikuwa na sabuni.

Hakunilaumu. Alisema nimesafisha vizuri, akaenda kupanga viti. Heri angenigombeza.

Jana nilimpelekea chaki, nikamwomba auchore upya. Akanirudishia kiganjani.

"Chora wewe, mwanangu. Umeuvuka mara nyingi, unaujua."

Nikapiga magoti. Nilipofika katikati, mstari ukapinda. Mzee aliinama kuutazama, akasema hata wa mkewe ulipinda hapo hapo. Tulilia wote wawili, sioni haya kuliandika.

Asante, Mzee wetu, kwa kutufundisha kukaa pamoja. Upumzike kwa afya na amani, na wajukuu wasikuchoshe sana. Kuanzia Jumatatu ufagio ni wangu, na ile kona nitaizunguka.