Mama Futi na Mikono Miwili ya Kushoto

Ndugu, jamaa na majirani, asanteni kwa kuja. Mama yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa tatu kati ya saba, baba yake mwashi na mama yake mkunga.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1957 hadi 1963. Hesabu za ubaoni zilimpiga chenga, lakini za kwenye kitambaa alizimaliza kwa chaki kabla mwalimu hajavaa miwani. Mwaka 1966 alihitimu mafunzo ya ushonaji, na miaka miwili baadaye akafungua chumba chake karibu na posta: cherehani mbili, pasi ya mkaa na dirisha moja. Aliyetangulia kufika ndiye aliyepimwa kwanza, awe mkubwa wa ofisi au mfagizi wake. Futi haikumtoka shingoni. Hata kanisani aliingia nayo kwa kujisahau. Ndipo watu wakamwita Mama Futi, kabla hajawa mama wa mtu yeyote.

Baba yetu alikuwa karani pale posta. Alileta suruali ipunguzwe urefu. Wiki iliyofuata akairudisha ipunguzwe tena, na tena. Mara ya nne fundi akaweka mkasi chini.

"Kaka, hii nikiipunguza tena itakuwa kaptula. Sema unachotaka."

Akasema. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 9 Desemba 1972, Mungu akawajalia watoto wanne.

Yanayofuata yameandikwa humu kwa agizo lake mwenyewe.

Mwaka 1984 kanisa lilimpa kazi ya kushona joho la mchungaji mpya. Wakati huo shangazi yetu, mdogo wake baba, alikuwa akijifunza ufundi kwa wifi yake. Mama alikata mikono ya joho bila kukunja kitambaa, na yote miwili ikatoka ya kushoto. Kitambaa cha kurudia hakikupatikana. Wazee wa kanisa walipofika, mmoja akamgeukia mwanafunzi: "Haya ndiyo mambo ya kumpa mkasi mtu ambaye hajaiva."

Mama akanyamaza. Shangazi akavua aproni, akaondoka. Kwa miaka mitatu hakuna aliyempelekea hata shati la kutia kifungo.

Mama aliendelea kufundisha darasa la ubatizo. Siku moja mwaka 1987 alikuwa akiwasomea wanafunzi habari ya mtu anayeacha sadaka yake madhabahuni, aende kwanza kupatana na ndugu yake. Akakwama katikati ya mstari. Akafunga kitabu, akawaambia waende nyumbani. Yeye akaenda kwa shangazi, akamkuta jikoni anaosha vyombo.

"Wifi, ile mikono niliikata mimi."

"Najua. Mimi nilikuwa nimeshika pasi."

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Umekuja kuniomba jikoni, wifi. Mimi niliaibishwa mbele ya watu."

Mama alielewa. Kulisema kosa lile hadharani kungeweza kumwondolea jina lake la fundi, na riziki ya wanawe pamoja nalo. Jumapili ile alisimama mbele ya kanisa zima, akaeleza yote, akamtaja shangazi kuwa hana kosa. Mtu mmoja nyuma akacheka. Walipofika nyumbani, baba alimwambia tu, "Leo nimejua nimeoa nani."

Kuna wateja waliokuja kesho yake kuchukua vitambaa vyao. Shangazi hakuja kesho yake. Alikuja baada ya miezi mitano, na mama akampa cherehani ya dirishani, penye mwanga, mwenyewe akahamia ukutani. Walishona hivyo miaka thelathini na tatu, wakitupiana maneno ya kimawifi kutwa nzima.

"Wifi, mbona mshono wako unayumba kama mlevi?"

"Si nimefundishwa na wewe?"

Mwaka 2021 mama alianza kuugua figo. Tunawashukuru sana madaktari na wauguzi waliomhudumia. Nyumbani, aliyemwogesha na kumgeuza kitandani ni shangazi. Mwezi Januari mwaka huu, tulipokaa naye kuandaa wasifu huu, alituonya: "Msiniandike malaika. Ile habari ya joho iwemo."

Shangazi akaja juu. "Wifi, ile tulishaizika! Unataka watu wapate la kusema hata siku ya msiba wako?"

"Wacha waseme. Siku hiyo hatakosekana mtu aliyekosana na nduguye. Akisikia kwamba mimi nilisamehewa, atajua inawezekana."

Alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 6 Februari 2024, saa nne asubuhi, wifi yake akiwa kando ya kitanda. Baba alimtangulia mwaka 2011. Ameacha watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja, kitukuu mmoja, na wifi ambaye hakuna neno la kutosha kumshukuru.

Nawe uliyekosana na nduguyo, mama alikuwa akikusemea wewe. Yamkini yupo hapa hapa uwanjani. Mtafute kabla hamjatawanyika.

Apumzike kwa amani ya Bwana aliyemfuata.