Bapishi ya bongo ya Léonard

Ndani ya taxi-bus ya commune ya Kenya, mama mumoja alikuwa anapeleka bwana yake Léonard, muchimbaji wa Kambove, akafungiwe kwa chumba ya maombi siku tatu, bila chakula wala tramadol, kinini ya maumivu yenye alikuwa amezoea. Léonard alilala, ao alijifanya. Miye, kwa kiti ya nyuma yabo, ule usingizi wa kujifanya naujua: kwa kazi, njo ulinifikisha pension. "Mama," infirmière mumoja wa hospitali, mwenye alikaa pembeni yake, akasema, "bongo inajipikiaka dawa ya maumivu. Tramadol ikizoea kuja, bapishi ba ile dawa banaenda congé, banapumzika. Ukikata mara moja, atatapika, atatetemeka." "Ile njo pepo inatoka," mama akasema. "Hapana, njo jikoni haina muntu. Kwa hospitali batamupunguzia polepole, ao batamupa dawa ingine ya kumushikilia." "Pepo hatuipunguzake, binti. Tunaifukuza."

Gari ikasimama mbele ya kanisa. Mama akashuka, akashika mulango. Léonard hakusimama. Alifungua jicho moja, akauliza infirmière: "Bale bapishi, banarudiaka kweli?"