Mama Hemlata: Miaka Kumi na Tisa ya Kupambanua Utani na Tusi

Baada ya kazi ya miaka kumi na tisa kamili, Bi. Hemlata Umakant Solanki, ambaye hapa ofisini na huko mtandaoni hajulikani ila kwa jina la Mama Hemlata, alistaafu rasmi Jumatatu ya tarehe 30 Juni 2025. Sherehe ya kumuaga ni leo, Jumamosi tarehe 12 Julai, hapa hapa ghorofa ya tatu, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Mkurugenzi wetu, Bwana Sadalla, aliniagiza niandike wasifu huu kwa kuwa mimi ndiye niliyekabidhiwa kiti chake. Alisema niandike kwa furaha. Nitajaribu, lakini nisiwafiche: mimi Evarista nina hofu na kiti hiki, na hofu yenyewe haikwepeki katika habari za mama huyu.

Mama Hemlata alizaliwa Upanga mwaka 1965. Kabla ya kuja kwetu alikuwa msahihishaji katika kiwanda kidogo cha uchapaji jirani na Mnazi Mmoja, akipitia kadi za harusi na karatasi za mitihani. Huko ndiko alikojifunza kusoma kitu mara tatu kabla ya kukiamini. Alijiunga na Mtambo tarehe 1 Julai 2006, wakati tukiwa bado gazeti la kila mwezi la habari za teknolojia, akapewa ukurasa wa barua za wasomaji. Barua zilikuja kwenye bahasha na stempu. Msomaji mmoja wa Masasi aliwahi kutuma betri ya simu iliyovimba, akiuliza kama bado itafaa. Mama aliijibu barua ile kwa adabu, betri akaipeleka kwa fundi aitupe salama, kisha akamwandikia yule msomaji barua ya pili ya kumgombeza.

Mwaka 2011 tulihamia kwenye tovuti, na chini ya kila habari tukafungua uwanja wa maoni tuliouita Barazani. Kazi ya Mama ikawa kuchuja: kusoma kila neno la wasomaji, kuacha la kuachwa na kufuta la kufutwa. Anayedhani hiyo ni kazi ya kukaa tu, hajawahi kutangaza kwamba simu mpya imetoka bila chaji ndani ya boksi. Siku ile tulipata maoni elfu mbili na mia tatu, na yaliyoihusu habari yenyewe hayakufika hamsini. Mama aliyasoma yote, akaenda nyumbani na macho mekundu.

Wasomaji wetu wanajua vita kuu ya Barazani ni ipi. Upande mmoja wapo wenye simu za tunda, upande wa pili wenye simu za roboti. Mmoja anaandika, "Simu inachajiwa mara tatu kwa siku, hiyo simu au mtoto mchanga?" Mwenzake anajibu, "Yako ikipigiwa inakaa inawaza kwanza ipokee au isipokee." Kuna mwaka Mama alichoka, akatangaza Ijumaa ya Suluhu: siku hiyo kila mtu aisifu simu ya mwenzake. Ijumaa ikafika, ikapita, hakuandika mtu hata mmoja. Jumamosi asubuhi aliifuta amri yake mwenyewe, na kabla ya adhuhuri watu walikuwa wameshatukanana vya kutosha. Bwana Sadalla anakumbuka kwamba ndiyo mara ya kwanza kumsikia Mama akiimba ofisini.

Lakini kosa lililomfundisha kazi lilikuwa la kipanya. Mwaka 2012 tuliandika habari ya vipanya vya kompyuta visivyo na waya. Chini yake Uledi, Mnyamwezi mwenye duka la kava za simu hapa Kariakoo, akaandika, "Mngoni msimuuzie hicho. Mkigeuka tu ashakitia chumvi." Mama aliona hapo kabila la watu linatukanwa kwa kula panya. Akafuta, akamfungia Uledi siku saba. Nusu saa haikuisha, Beno, fundi simu wa Mtaa wa Aggrey na Mngoni wa Songea, akaingia kwa hasira. Aliandika, "Mama shikamoo. Rudisha tusi langu. Huyo Mnyamwezi ni mtani wangu, tusi ni haki yangu, na bado sijamjibu."

Mama aliyasoma maneno yale mara tatu. Kwao Upanga hakukuwa na utani wa makabila, na kwa miaka yote ile alikuwa akiusikia kwa majirani bila kuujua undani wake. Alilirudisha tusi mahali pake, akamfungulia Uledi, akashuka kununua daftari. Kuanzia siku hiyo aliuliza kila mtu, kuanzia wafanyakazi wenzake mpaka wapagazi wa Kariakoo: nani mtani wa nani, anaruhusiwa kumwambia nini, na wapi ndipo mwisho. Daftari lile lilijaa, likafuatwa na la pili. Alipoyafunga yote mawili alikuwa hayahitaji tena.

Mimi nilikuja mwaka 2023, na kwa miaka miwili nimekaa kushoto kwake nikitazama. Alikuwa mkali. Hakusifu mtu, hakushukuru mtu. Msomaji akileta hoja dhaifu alimwambia ni dhaifu, na mimi nikichelewa aliniambia kwamba foleni ya Jangwani haikuanza leo. Lakini alisikia sauti za watu katika maandishi. Aliniambia kwamba mtu wa Kariakoo akiandika "sawa" huenda amekubali, ila akiweka nukta baada ya hiyo "sawa", ujue keshakasirika. Nilicheka. Nimehesabu tangu hapo, na hajakosea.

Kisa ninachotaka kila mgeni akijue ni cha Agosti 2022, nilichosimuliwa na wenyewe. Ilikuwa habari ya simu zinazokunjika. Uledi aliandika kwamba Wangoni watazipenda, maana watakunjia panya wa njiani. Beno akajibu, "Ni kweli ndugu yangu. Asante kwa maoni yako." Barazani pote walishangilia, wakasema Mngoni leo kakubali yaishe. Mama Hemlata hakucheka. Mngoni anayemshukuru mtani wake ana jambo. Alichukua mkoba saa sita mchana, akateremka ngazi, akaenda mezani kwa Beno akakuta pamefungwa siku ya pili. Akamtoa Uledi dukani kwake, ingawa yeye na Mama walikuwa hawajawahi kuonana uso kwa uso, wakaongozana mpaka chumbani kwa Beno, Ilala. Walimkuta malaria imempanda kichwani, peke yake, na maji yamemwishia. Alibebwa kwa bajaji hadi hospitali. Daktari alisema siku moja zaidi ingekuwa habari nyingine. Uledi alikaa wodini akimtukana mpaka akacheka, na hapo ndipo Mama aliporudi kazini kumalizia maoni ya siku hiyo.

Sasa hofu yangu. Tangu tarehe 1 Julai Barazani inachujwa na mfumo wa akili unde ambao ofisini tumeupa jina la Chekecheo. Unasoma maoni elfu moja kabla sijavuta kiti. Unalipaka kila neno rangi: kijani libaki, jekundu lifutwe. Kazi yangu, nilivyoelezwa, ni kuutazama ukifanya kazi. Wakati wa majaribio nililiingiza lile jibu la Beno la mwaka 2022. Chekecheo likalipaka kijani kibichi, maoni bora ya siku. Nikaingiza tusi la kipanya, likawa jekundu papo hapo. Nilimwonyesha Mama. Alitazama kioo, akaniambia kwamba mashine haina kosa, imefundishwa adabu tu, na adabu peke yake haimjui mtu.

Ningependa kuandika hapa kwamba nilimwelewa. Jumatatu ya tarehe 30 Juni, kabla ya kuzima kompyuta yake, Mama aliwaandikia wasomaji maneno ya kuaga: "Nawashukuru wasomaji wote kwa ushirikiano wenu mzuri. Nawatakia kila la heri." Chekecheo, ambalo siku hiyo lilikuwa bado kwenye majaribio, likatoa kijani. Wasomaji mia nne na zaidi wakaweka mioyo myekundu. Na mimi niliweka wangu, tena nikajisikia vizuri.

Alhamisi, siku tatu baadaye, Beno akaandika chini yake: "Nyie mnaoshangilia, huyu mama miaka yote hii ashawahi kumshukuru nani humu ndani? Kuna mtu kaenda kumwona?" Niliyasoma hayo mara tatu. Nilikuwa nimekaa kushoto kwake miaka miwili, nikafundishwa kwa mdomo na kwa mfano, na jambo lenyewe limepita mbele ya macho yangu nikaliwekea moyo mwekundu. Nikampigia simu, haipatikani. Ijumaa nikapiga asubuhi, mchana na jioni, haipatikani. Sikuwa na namba ya mtoto wake. Usiniulize usingizi wa siku hiyo.

Jumamosi nilivuka viwanja vya Mnazi Mmoja kwa miguu, mwendo wa mtu aliyesikia ving'ora, nikaingia Upanga nikiuliza nyumba hadi nyumba. Mlango ulifunguliwa na mwanawe Dhaval, kijana mpole, akanikaribisha ndani. Mama alikuwa mzima. Alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, simu yake imezimwa juu ya meza, na kompyuta ndogo imefunikwa kitambaa kama sahani ya maandazi. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akanyamaza. Mama Hemlata kunyamaza! Nilikaa pale nikiogopa kuliko nilivyoogopa njiani.

Baadaye alisema. Hapo nyumbani kila mtu anamkubalia. Dhaval anamkubalia kwa sababu ni mwana mwema. Mkwewe Alpa anasema sawa mama kabla hata hajamaliza sentensi. Alikuwa amejaribu kuingia Barazani Jumanne asubuhi, akakuta neno lake la siri limefungwa, kwa kuwa lilikuwa la kazi na kazi imekwisha. Miaka yote hiyo hakuwahi kujiandikisha kama msomaji. Alizima simu ili asiendelee kusoma maneno matamu ya watu wanaomuaga. Aliniambia kwamba mtu akianza kukubaliwa kila analosema, wameshaanza kumzika, wanasubiri mwili tu. Na alikiri kwamba anaogopa. Sijawahi kumsikia akilitumia neno hilo.

Naandika hayo kwa ruhusa yake. Nilipomwomba alisema wasifu usio na aibu ndani yake ni tangazo la biashara.

Nilifunua kompyuta yake tukamfungulia akaunti ya msomaji wa kawaida. Jina alichagua mwenyewe: Mbishi wa Upanga. Alpa alileta chai, akasema jina si zuri kwa mtu mzima, wakabishana mpaka chai ikapoa. Nadhani mkwe huyu ana kipaji ambacho hakikuwa kimepewa nafasi. Jumatatu iliyofuata, saa mbili na dakika tano asubuhi, Mbishi wa Upanga aliandika maoni yake ya kwanza chini ya habari niliyoihariri mimi: "Habari ina makosa manne. Aliyechuja maoni hapa chini alikuwa amesinzia. Huyu binti nani kampa kiti?"

Chekecheo likayapaka rangi nyekundu: lugha ya kudhalilisha mfanyakazi. Niliyarudisha kwa mkono wangu, nikasahihisha makosa. Yalikuwa matano. Kisha nikaenda kwa Bwana Sadalla nikamwambia sitaliruhusu Chekecheo kufuta neno lolote peke yake. Lipange rangi, mwenye kufuta niwe mimi. Amenipa miezi mitatu tuone. Sijui kama nitaweza. Kila siku napitisha kijani mia tano, na kila moja najiuliza ni nani huyu anayeshukuru, na kwa nini.

Katika miaka kumi na tisa Mama Hemlata amepitia kwa macho yake maoni zaidi ya milioni mbili. Amefundisha wahariri watatu, nikiwa wa mwisho na mzito kuliko wote. Uongozi na wafanyakazi wote wa Mtambo tunamshukuru, na tunajua atalichukia neno hilo.

Kwa wageni waalikwa, taarifa moja. Kwa kuwa Mama hakuwa na mtani, Beno na Uledi wamejitolea, mmoja kwa niaba ya Wangoni na mwingine kwa niaba ya Wanyamwezi. Leo mchana, zawadi zikishatolewa, wawili hao watauzuia mlango na kumwambia Mama mambo mazito mbele ya mkwewe na mkurugenzi. Mlinzi ameshaelezwa asiingilie, na tunawaomba nanyi msiamulie. Mama mwenyewe hajaambiwa; wasifu huu atapewa baada ya hapo. Nina wasiwasi zaidi na jibu atakalowapa kuliko na matusi yao.

Mama yetu, tunakutakia afya njema, chai isiyopoa, na mtu wa kukubishia kila siku ya maisha yako.

Evarista Chilumba
Mhariri wa Maoni, Mtambo