Ufunguo Niliomrushia Mwizi

Bwana asifiwe! Asifiwe na mliokaa mbele, asifiwe na ninyi wa karibu na mlango mnaosubiri nimalize mkanywe chai! Naitwa Kabula, kidato cha tatu, mtoto wa Mama Kabula fundi cherehani wa hapa hapa Mapinga. Ushuhuda huu nimeuandika kwenye daftari la Jiografia, maana Mchungaji amesema kipaza sauti hanipi tena bila karatasi. Mara ya mwisho aliponipa niliigiza anavyokohoa kabla ya sadaka. Mchungaji, mimi nilishatubu. Washirika ndio wanaokataa kusahau.

Ndugu zangu, gari la mama yangu mnalijua. Nani asiyelijua? Bodi nyeupe, mlango mmoja wa bluu, na nyuma maandishi mekundu niliyoyachora mwenyewe: MNYAMWEZI KAFIKA PWANI. Neno PWANI limebanana kwa sababu nilianza na herufi kubwa mno, nafasi ikaniishia. Chekeni tu. Lakini wangapi mnajua lilivyopatikana?

Miguu ya mama yangu haimbebi tangu utotoni. Zamani, akipeleka sare za shule Bagamoyo, makonda walikuwa wanamnyanyua juu juu kumpakia. Siku moja, mimi nikiwa darasa la nne, konda mmoja akauliza kwa sauti, "Huu mzigo wa nani?" Watu wakacheka. Mama naye akacheka. Mimi nilikuwa nimemshika mkono, na mkono ule haukuwa unacheka.

Baba alipofariki alituachia gari ambalo nalo lilikuwa limekufa. Watu wakamshauri mama aliuze kama chuma chakavu. Mama akakataa! Akajivuta kwenye mkeka mpaka chini ya usukani, yeye na fundi mmoja wa kuchomelea wa Zinga, wakapima, wakakata, wakakosea, wakarudia. Walichukua bomba la kitanda, tena kitanda nilichokuwa nalalia mimi, wakatengeneza mkono wa chuma kando ya usukani. Ukiusukuma mbele, breki. Ukiuvuta nyuma, mafuta. Pedali wakazifunika kwa bati ili miguu yake isinase. Ndugu zangu, nililala chini miezi minane, lakini mama yangu alitembea! Alitembea mpaka Bagamoyo na kurudi, bila kubebwa na mtu!

Sasa niwaambie dhambi yangu. Mzee wa kanisa pale anatabasamu kama vile anaijua tayari. Hujui, mzee. Subiri.

Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Msiba wa mtani wako ukitokea, una ruhusa ya kufanya vituko mpaka wafiwa wasahau kulia. Basi Bi Mwanaidi wa Zinga, rafiki mkubwa wa mama, akafariki. Siku ya kuondoa matanga tukaenda na gari letu, na mimi nikaenda na kipaji changu chote. Nilijilaza kwenye mkeka nikajifanya ndiye marehemu, nikadai sahani yangu ya mwisho. Kisha nikalikamata sufuria la pilau, nikakaa juu ya mfuniko: "Halitoki hapa mpaka mlikomboe kwa jogoo!" Mzee Shomari, mtoto mkubwa wa marehemu, alikuwa hajatabasamu tangu maziko. Siku hiyo alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Hapo nilijiona mkubwa kuliko Mkuu wa Wilaya.

Ndipo akatokea kijana mmoja, kanzu safi, ungo kichwani kama kofia. Akamwendea mama kwa adabu zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akanigeukia mimi. "Nyie Wanyamwezi! Mmetoka Tabora kwa miguu kuja kutumalizia pilau yetu? Basi na sisi tunakamata gari! Mrudi kwenu kwa miguu, kama walivyokuja babu zenu!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Na aliyecheka kuliko wote ni mimi. "Kamata!" nikamwambia. "Utaliweza wapi, Mzaramo wewe? Hata kuliwasha huwezi!"

Ndugu zangu, kwa mkono huu mnaouona, nikamrushia ufunguo alionipa mama nimshikie. Na haikuishia hapo! Nikaingia nikakaa kando yake, nikamfundisha: sukuma breki, vuta mafuta, sukuma, vuta. Nikashuka nikampigia vigelegele. Gari likatoka uwanjani likirukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba, watu wakapiga makofi, likaingia barabara kuu. Mpaka leo sijawahi kuona mwizi aliyeagwa kwa heshima namna ile.

Tukakaa tukimsubiri aje kudai jogoo wake. Alasiri ikafika. Mzee Shomari akamwambia mama, "Mama Kabula, yule kijana utani wake umekuwa mrefu sasa."

Mama akamwambia, "Si mpwa wako?"

"Mpwa wangu? Nilidhani ni wa upande wa Kaole."

Wa Kaole wakasema wao walidhani ni jirani wa hapo Zinga. Wa Zinga wakasema walidhani kaja na watu wa Mapinga. Na watu wa Mapinga, ndugu zangu, ndio sisi.

Macho yote yakanigeukia mimi. Mama hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Aliniuliza tu, taratibu, "Kabula, sasa atanibeba nani?"

Tukaripoti kituoni, tukaambiwa tusubiri. Nikatuma picha ya gari kwenye kundi la darasa letu nikiomba atakayeliona aseme. Wakanijibu kwa vikatuni vya kucheka. "Kabula bwana!" "Leo gari, kesho utasema wameiba bahari." Siwalaumu. Mwezi uliopita niliwatangazia kwamba shule imefungwa kwa sababu ya kunguni, na wanne hawakwenda.

Asubuhi yake Mzee Shomari akafika nyumbani kwetu na kirikuu lake, ile pikapu ndogo anayobebea mihogo. "Aibu hii imetokea kwenye matanga ya mama yangu," akasema. "Sitatulia nyumbani mpaka gari lipatikane." Mama akapandishwa mbele. Mimi nikakaa nyuma na matenga matupu. Nilistahili hata kukaa ndani ya tenga.

Tukapita Bagamoyo, tukashika njia ya Msata, tunauliza kila penye watu. Kiwangwa mama mmoja muuza mananasi aliposikia tu habari ya mlango wa bluu akashika kiuno. "Lile la Mnyamwezi? Lilipita jana linadunda, likaigonga meza yangu, likaenda zake! Mwambieni huyo Mnyamwezi wenu aje aniombe radhi!"

Mama akasema, "Dada yangu, yule siye Mnyamwezi."

"Si limeandikwa nyuma!"

Hapo nikajifunza kwamba maandishi yangu yametusababishia kesi ambayo si yetu. Lakini tukajua tuko kwenye njia yenyewe. Msata vijana wa bodaboda wakatuambia, limekata kushoto, limekwenda Chalinze.

Chalinze hakuna aliyeliona! Malori yanakuja, mabasi yanaondoka, kila mtu anaangalia safari yake. Mzee Shomari akaenda msikitini kuswali adhuhuri. Mimi nikabaki na mama kwenye kirikuu. Nikamtania kidogo, nikamwigizia yule mama wa mananasi. Ndugu zangu, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, mama hakucheka. Alikuwa anaitazama mikono yake.

Nikashuka, nikaenda nyuma ya kirikuu, nikaomba. Ninyi mnajua ninavyoomba hapa kanisani, jicho moja wazi. Siku ile nilifumba yote mawili. Nikasema, "Mungu, ni mimi Kabula. Leo sitanii." Hayo tu. Maneno mengine hayakutoka, yalitoka machozi.

Niliporudi, mama akasema, "Kabula, yule kijana anaendesha kwa bega lisilozoea. Mimi bega lilinivimba majuma mawili. Hafiki Morogoro. Atatafuta fundi wa kuukata ule mkono, azifunue pedali, aendeshe kwa miguu. Tusiulize gari tena. Tuulize mafundi wa kuchomelea."

Semeni amina! Mimi nililia nyuma ya gari, jibu likashukia mbele, kwa mtu aliyekuwa anafikiri!

Mzee Shomari aliporudi tukashika barabara ya Morogoro. Fundi wa kwanza, hakuna. Wa pili, hakuna. Tukafika Ubena. Na pale, chini ya banda la bati, nikauona mlango wa bluu!

Fundi amekaa juu ya ndoo, miwani ya kuchomelea ameipandisha kwenye paji la uso, mashine ya kukatia iko mapajani haina kazi. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana jioni! Ndugu zangu, hapa Mapinga umeme ukikatika mimi ndiye wa kwanza kulalamika. Lakini siku ile nilimshukuru Mungu kwa giza la mtaa mzima. Mkono wa mama ulikuwa bado upo, umechorwa alama ya chaki mahali pa kukatia.

Na mwizi wetu yupo, anakunywa soda. Alipotuona hata hakukimbia. "Aa, watani zangu! Mmenifuata mpaka huku?" Akawageukia watu waliokuwa pale. "Msiwasikilize hawa. Wanyamwezi, watani zangu hawa. Sasa hivi watasema mimi mwizi!"

"Mwizi!" nikapiga kelele. Watu wakacheka. Nikalia. Wakacheka zaidi. "Kabinti kanajua kuigiza haka!" Ndugu zangu, niliyapanda kwa muda mrefu, nikayavuna Ubena. Ukweli umejaa kinywani, na hakuna wa kuupokea.

Mama akashusha kioo cha kirikuu. "Fundi, habari za kazi?"

"Nzuri, mama. Ila umeme."

"Huyu amekwambia gari ni lake?"

"Ndivyo anavyosema."

"Basi alirudishe kinyumenyume mpaka kwenye yale matofali bila kugusa kitu. Akiweza, sisi tunakwenda zetu."

Watu wakapenda. Kijana akaingia kwa mbwembwe, akavuta pale pa kusukuma, akasukuma pale pa kuvuta. Gari likaruka, likabamiza pipa la maji, maji yote yakammwagikia fundi. Kisha Mzee Shomari na fundi aliyelowa wakamhamishia mama kwenye kiti chake. Mama akafunga mkanda. Akarekebisha kioo. Akarudi nyuma taratibu kati ya pipa na matofali, pembeni pamebaki nafasi ya kiganja tu, akazunguka banda, akaja kusimama mbele yetu, akapiga honi mara mbili. Alipandishwa amebebwa, lakini pale Ubena nzima ilionekana kama imekaa, na aliyesimama ni yeye peke yake.

Hakuna aliyecheka tena. Na hapo ndipo palipotisha. Mtu mmoja akasema, "Kumbe mwizi kweli!" Mwingine akaokota tofali. Mnajua kinachofuata pakifika hapo. Kijana akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, soda imemwagika kwenye kanzu. Na mimi, ndugu zangu, sitawaficha. Mimi pia nilikuwa nimeokota jiwe.

Mama akavuta mkono wa chuma. Gari likaenda likasimama katikati, kati ya kijana na umati, mlango wa bluu umeelekea kwetu. Mama akatoa kichwa dirishani.

"Huyu ni mtani wangu!" akasema. "Jana kajiita mtani mbele ya matanga, leo kajiita mbele yenu. Basi nimemkubali. Mtani hapigwi. Anayetaka kumpiga aanze na mimi, tena mimi siwezi kukimbia."

Mikono ikashuka, mmoja mmoja. Jiwe langu nililiachia likaniangukia mguuni, na nilistahili. Mwenyekiti wa kijiji akaitwa, kijana akachukuliwa akiwa mzima, anakwenda kujibu panapohusika. Alipopita kwenye dirisha alikuwa analia. "Nisamehe, mama." Mama akamjibu, "Nimekusamehe. Ila jogoo wangu bado nakudai." Yule kijana akacheka na machozi yake! Nami ndipo nikajua utani ulikuwa wa nini. Miaka yote nilikuwa nautumia kujionyesha. Mama aliutumia mara moja, akaokoa mtu.

Tukarudi pwani, mama anaendesha, mimi kando yake. Kiwangwa tulisimama, na mimi ndiye niliyemwomba radhi yule mama wa mananasi kwa niaba ya Wanyamwezi wote.

Tulipofika nyumbani, nilijua ufunguo sitaugusa tena mpaka niolewe. Mama akazima gari. Akauchomoa ufunguo, akautazama, akanirushia. "Kaoshe gari. Limejaa vumbi la Ubena."

Niliudaka kwa mikono miwili.

Namshukuru Mungu, namshukuru Mzee Shomari ambaye ni Mwislamu na leo amekuja kukaa nasi, yule pale, msimwangalie sana atakimbia. Wewe uliyeutupa ufunguo wa kwako, ukamrushia mwizi ukicheka na vigelegele juu, usiogope kurudi nyumbani. Njoo. Yule uliyemkosea bado ana ufunguo mkononi, na anakutazama kama uko tayari kudaka.