Habari Zangu Zilitokea Filipi

Jina la Bwana liinuliwe, ndugu zangu! Nawasalimu nyote wa Didia, na ninyi mliotembea kutoka Segese kuja kusali nasi. Mimi ni Nkwabi, baba yake Shija. Wazee wa hapa walinijua kabla sijaenda vitani Burma. Ya vitani nimeyasahau mengi. Ninayowaambia leo siwezi kuyasahau.

Niliporudi nilikwenda Geita kutafuta kazi katika mgodi wa dhahabu. Kwa kuwa nilizoea amri za jeshi, nikafanywa nyapara wa watu saba chini ya ardhi. Ndugu zangu, nilikuwa mtu mbaya! Nilitembea na kiboko. Aliyechelewa nilimchapa, aliyeumwa nilimwita mvivu. Zaidi ya wote nilimchukia Elisha, Mzinza mmoja mpole aliyeimba nyimbo za Mungu huku akipiga sululu. Nilimchapa kwa sababu ya kuimba, naye akaendelea kwa sauti ndogo.

Asubuhi moja Elisha alinijia pale njia yetu ilipoanzia, kule chini. "Shikamoo, Nyapara. Nguzo za ndani zinalia. Tungoje zitiwe nyingine kwanza."

"Zinalia? Kwani nani amekufa?" nikamjibu. "Ingieni!"

Wakaingia wote saba. Nilikuwa bado narekebisha taa yangu ya karabai, mara ardhi ikatetemeka, upepo ukanipiga kifuani, na njia yote ikazibwa na mawe. Niliita, hakuna aliyejibu. Nikaita tena. Kimya!

Nilijua nimeua watu saba. Nikawafikiria wake zao wakingoja kambini, nikaona siwezi kupanda juu na kuwatazama usoni. Kando yangu kulikuwa na shimo refu la kushukia chini zaidi, lisilo na kizuizi. Nikavua kofia, nikaiweka chini. Nikazima taa, maana sikutaka kuona. Nikasogeza mguu hadi ukingoni.

Ndipo nikasikia sauti kutoka nyuma ya mawe, nyembamba lakini kali: "Nkwabi! Usijifanyie neno baya! Tuko wote!"

Hakusema Nyapara. Alisema Nkwabi! Hakuna mchimbaji aliyewahi kuniita hivyo. Tena nilikuwa gizani, na ukuta wa mawe kati yetu. Aliniona kwa macho gani? Nikarudisha mguu nyuma, nikaanguka chali.

Watu wakaja na sululu na mitaimbo, tukachimba mpaka alasiri. Wakatoka mmoja mmoja, wote saba! Juma wa Tabora alisujudu palepale udongoni. Elisha alitoka wa mwisho, kichwa kimepasuka. Sijui nani aliniagiza, lakini nilimchukua mpaka nyumbani kwangu, nikateka maji, nikamwosha vidonda. Mgongoni nikakuta alama za kiboko changu. Nikaziosha nazo. Wenzake wakatufuata, Mama Shija akawapikia wote ugali na maziwa, huku akinitazama kama mtu asiyemjua.

"Uliniona wapi?" nikamwuliza Elisha.

"Sikukuona. Niliambiwa tu moyoni nikuite upesi, kwa jina lako."

Lakini moyo wa mtu ni mgumu, ndugu zangu! Mkubwa wa mgodi alipouliza nani aliwaingiza watu, nilisema Elisha ndiye aliyewaongoza wenzake, na kwamba habari ya nguzo sikuambiwa. Ikabaki kidogo afukuzwe kazi. Hakunilaumu. Alisema tu, "Jumapili twende kwa Mwalimu."

Mwalimu alikuwa mwinjilisti aliyefundisha katika kibanda cha nyasi karibu na kambi. Siku hiyo alisoma habari za Paulo na Sila katika mji uitwao Filipi. Wamechapwa, wamefungwa, wanaimba. Nikainua kichwa. Ardhi inatetemeka. Nikashika ukingo wa benchi. Milango inafunguka, mlinzi wa gereza anadhani wafungwa wametoroka, anataka kujiua, naye Paulo anampigia kelele asijidhuru, maana wote wapo. Yule mlinzi anawaosha majeraha, anawapa chakula nyumbani kwake.

Nikasimama! "Mwalimu, nani amekupa habari zangu? Ni Elisha?"

Wanawake wakacheka. Mwalimu hakucheka. "Baba Shija, hizi ziliandikwa kabla babu wa babu yako hajazaliwa."

"Na Filipi ni wapi? Ni huku Geita?"

"Ni mbali, ng'ambo ya bahari, nchi ya Makedonia. Zamani mji huo uliitwa Krenide, maana yake chemchemi, kwa kuwa ulikuwa na maji mengi. Tena milima yake ilikuwa na dhahabu. Mfalme mmoja, Filipo, akautwaa kwa ajili ya dhahabu hiyo, akaupa jina lake. Filipo kwa Kiyunani ni mpenda farasi."

"Kwa hiyo watu walichimba huko?"

"Walichimba, chini ya ardhi, kama ninyi."

Mji wa dhahabu! Mfalme alitazama milima ile akaona mali. Mungu alitazama mji uleule akamwona mlinzi mmoja mkatili, akamhurumia. Ni Mungu gani huyu, ndugu zangu, anayemjua mtu hata ndani ya mwamba? Nililia mbele ya watu wote, mimi askari wa Burma!

Jumatatu nilikwenda kwa mkubwa. "Bwana, nilisema uongo. Elisha alinionya. Mimi niliwalazimisha." Nikanyang'anywa unyapara saa ileile, nikapewa sepeto. Nilishuka nikiwa na hofu, maana nakwenda kufanya kazi kati ya watu niliowachapa. Elisha alinipokea kule chini, akasogea kando ili nipate mahali pa kusimama. "Karibu, ndugu yangu," akasema.

Mwaka huohuo tukabatizwa, mimi na nyumba yangu yote. Namshukuru Mungu kwa wale saba, ambao wote wamepata kuona wajukuu wao au wanawatazamia. Namshukuru kwa pumzi hii ninayoitumia kusema nanyi.

Na wewe uliyeketi pale nyuma, unayedhani ulilolitenda halina msamaha: mwamini Yesu. Usingoje uwe mtu mwema kwanza. Mimi sikuwa mwema. Inuka, uje hapa mbele, nami nitapiga magoti pamoja nawe.